Mwenye Kufunga Hakati

Siku arobaini Zaina alimbembeleza baba yake akubali kuingia nyumba ya sinema. Siku ya arobaini na moja, Jumapili saa nane mchana, alimwona baba huyo, Papa Lukumani, anatoka ndani na kanzu yake ya Idi, kofia imenyooshwa kwa pasi ya makaa, na moyo ukamruka kama samaki aliyetolewa majini.

"Naenda sababu ya weye," papa alisema, akifunga mlango wa chumba chake cha kushonea. "Si sababu ya picha. Picha ni kivuli, na kivuli hakiposi mutoto wa mutu."

"Hatakuya kivuli, papa. Atasimama yeye mwenyewe mbele yako."

"Mukristo."

"Mutu, papa."

Papa akageuka kutazama barabara. Zaina alijua anamuwaza Alfani, mfanyabiashara wa samaki kutoka Ubundu, aliyekwisha kutuma wazee mara mbili. Papa alikuwa amewaambia wazee wale wangoje, atawapa jibu baada ya Jumapili hii. Binti yake alikuwa amemwomba nafasi moja tu, naye alikuwa ameitoa.

"Muache mutoto, Lukumani," Bibi Saluma alisema kutoka nyuma na fimbo yake. Alikuwa mama ya papa, na ndiye aliyemlea Zaina tangu mama yake afariki. "Hata weye, siku ulileta muke Mulokele humu ndani, shangazi zako walilia wiki mbili. Dunia ilianguka?"

"Mama, tutembee tu."

Wakatembea. Zaina alibeba kikapu kidogo kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe. Hakuna aliyemuuliza ndani mna nini, kwa sababu harufu ilikuwa imekwisha kusema: liboke ya samaki na mbika, mbegu za maboga zilizosagwa, imetoka motoni sasa hivi, imefungwa katika majani mapana mabichi.

Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka wa 1964. Redio zilisema vita mashariki, na watu waliokimbia kutoka Maniema walikuwa wanalala kwenye baraza za ndugu zao. Ndiyo sababu vijana wa klabu ya sinema walichagua chakula. Walizunguka mtaa mzima wa Kabondo na kipaza sauti juu ya gari: "Wiki nzima, picha za kula tu! Hakuna bunduki, hakuna mukutano! Njaa utaleta mwenyewe!" Kila siku walionyesha filamu mbili tatu walizopiga wenyewe. Wavuvi Wagenia wakiinua mitego yao kwenye maporomoko. Wanawake wakipepeta mpunga kwenye barabara ya Bafwasende. Na leo, siku ya kufunga, filamu ya Cyprien, yenye jina moja tu: Liboke.

Cyprien wake.

Miezi minne nyuma alikuwa amekuja sokoni na kamera iliyoachwa na mwalimu mmoja mzungu aliyeondoka mwaka wa uhuru. Akasimama mbele ya meza ya samaki ya Zaina, mrefu, shati lina kiraka begani.

"Mademoiselle, naweza kukupiga picha?"

"Nauza mbisi, siuzi sura."

"Alors, nanunua mbisi."

"Ukinunua, kula. Picha haishibishi."

Akala. Kesho akarudi, na kesho kutwa, wiki tatu mfululizo, mpaka Hadidja wa meza ya pili akaanza kumcheka: "Kijana, utaota mapezi weye!" Lakini Zaina, ambaye alizoea kuangalia watu kabla ya kusema nao, alimwangalia huyu na kuona kwamba anamsikiliza mtu kwa macho. Akizungumza naye, Cyprien hapepesi macho. Siku ya ishirini na mbili alimkubalia.

"Piga mikono tu. Sura hapana. Sura yangu utaipiga siku utakuya kwa papa."

"Na nikuye na nini?"

"Na miguu yako."

Basi mbele ya kamera ile Zaina alifunga fundo la Bibi Saluma. Katika nyumba yao liboke haifungwi ovyo. Mkono wa kuume unashika majani, wa kushoto unazungusha kamba ya gome mara tatu, na ncha inazikwa ndani isionekane. Ya sokoni hufungwa fundo la kawaida. Hili la nyumbani msichana halifungi mbele ya mwanaume, isipokuwa yule aliyemkubali rohoni. Na mwanaume akipewa, hatafuti kisu. Anakaa chini, anapapasa kwa vidole mpaka apate ncha, anafungua taratibu. Bibi alikuwa na neno lake: mwenye kufunga hakati, na mwenye kupenda hakati.

Zaina alimweleza Cyprien yote haya, kichwa chini, mashavu yanawaka. Cyprien akaweka kamera pembeni, akakaa juu ya kreti la chupa, akapapasa. Samaki akapoa, jua likahama, watu wakapita wakicheka. Alipopata ncha aliinua uso, jasho linamtiririka puani, akasema, "Nimeingia nyumbani."

Kwa Zaina, siku ile ndoa ilikuwa imekwisha kufungwa, wamebaki mashahidi. Hilo ndilo kosa lake, kama ni kosa: alidhani mwanaume amemjibu, kumbe mwanaume alikuwa na njaa.

"Siku ya kufunga wiki," Cyprien alimwahidi, "umulete papa yako. Taa zikiwaka, nitaita jina lako mbele ya watu wote, ili waone mikono ile iko na sura."

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Vitenge vilikuwa vimepigiliwa misumari kuzuia jua, na ndani mlikuwa na joto la chungu kilichofunikwa. Papa alikaa upande wa wanaume, ameshika kofia magotini. Zaina alikaa katikati ya Bibi na Hadidja. Mstari wa mbele alimwona Monsieur Édouard, mwenye duka kubwa la vyakula, na binti yake Micheline katika gauni la njano. Hakushangaa. Monsieur Édouard ndiye aliyeiazimisha klabu mashine ya picha.

Cyprien alisimama karibu na mashine, kipaza sauti mkononi. Shati lilikuwa jipya, halina kiraka. Macho yao yakakutana. Zaina akatabasamu kidogo tu, kiasi cha kuonwa na mtu mmoja. Cyprien akainamisha uso akaanza kugusagusa gurudumu la filamu ambalo halikuwa na shida yoyote.

Ni haya, Zaina akajiambia. Mwanaume mwenye kuposa lazima aone haya.

Taa zikazimwa.

Mikono yake ikatokea ukutani, mikubwa kama milango. Jamani, aliona uzuri! Hakuwahi kujua kwamba vidole vyake vinapochambua mbika vinacheza namna ile. Watu wakanyamaza. Mtu mmoja akameza mate kwa sauti, wengine wakacheka. Mikono ikaosha samaki, ikamwaga mawese, ikatandika majani. Kisha ikaanza kufunga. Mara moja. Mara mbili.

Bibi Saluma akamfinya paja.

"Zaina. Fundo ile ni yangu."

"Ndiyo, bibi."

"Ulifunga mbele ya mutu?"

"Ni yeye, bibi. Yule wa kipaza sauti. Leo atasema kwa papa."

Bibi alivuta pumzi ndefu. Giza lilikuwa zito, lakini Zaina alisikia vidole vile vikavu vinalegea, vinamshika mkono kwa upole. "Basi aseme muzuri," akanong'ona.

Mara ya tatu. Ncha ikazikwa. Picha ikaanza kupanda polepole, kutoka mikononi kwenda juu, na pale Zaina alipokuwa ameacha nafasi wazi, pale alipopatunza miezi mitatu kama mtu anayemtunzia mgeni kiti, ikatokea sura ya Micheline.

Inatabasamu. Kwenye paji la uso wamemnyunyizia maji yafanane na jasho.

"Na huyu ndiye mupishi wetu," sauti ya Cyprien ikasema katika kipaza sauti, laini, haikujikwaa popote. "Mademoiselle Micheline. Fundo hii alifundishwa na mama yake."

Makofi yakapigwa. Zaina hakupiga. Alikuwa bado anangoja picha ijirekebishe, kama mtu aliyeona nyoka ndani ya nyumba na anangoja awe kamba.

Ukutani Micheline akachukua kisu cha jikoni, akakata fundo kwa pigo moja, akafunua majani.

"Iii!" mama mzee mmoja akalia nyuma. "Anakata?"

"Anafunga kama bibi, anafungua kama polisi!" Hadidja akasema kwa nguvu, na upande mzima wa wanawake ukaangua kicheko. Kisha Hadidja akageuka, akaona uso wa rafiki yake katika mwanga wa mashine, na kicheko kikamfia mdomoni. "Mama na ngai," akasema. "Zaina. Ni mikono yako."

Taa zikawaka. Cyprien aliita kweli jina, lakini aliita la Monsieur Édouard. Mzee akasimama, akafuta jasho shingoni.

"Mabibi na mabwana, bon, leo si filamu tu. Mutoto wangu Micheline na kijana huyu wa akili, mwezi ujao, kanisani! Wote mumealikwa!"

Vigelegele. Zaina akamtafuta baba yake kwa macho ng'ambo ya ukumbi, akampata, na hapo ndipo alipoumia kupita yote. Papa hakuwa anamtazama Monsieur Édouard wala Cyprien. Alikuwa anatazama mikono ya binti yake, iliyolala juu ya mapaja. Zaina akaificha chini ya kitenge.

Papa aliwapita taratibu, kofia kichwani. "Tunakungoja barabarani," alimwambia, bila kupandisha sauti. "Kama iko kitu yako humu ndani, chukua."

Nyuma ya ukumbi palikuwa na uwanja mdogo, mapipa ya mafuta na majani marefu. Zaina alizunguka huko kwa sababu hakutaka kulia mbele ya watu, na Cyprien akamfuata huko huko, anakimbia.

"Zaina! Ngoja nikueleze."

"Ulisema utaita jina."

"Sikiliza kwanza. Filamu bila kusafishwa Léopoldville ni bati tu. Nani angeituma? Monsieur Édouard ndiye aliituma na avion, na ndege. Halafu akaniuliza, sura iko wapi? Mikono bila sura watu watacheka. Nikamwambia, sura itakuya. Akasema, sura iko kwangu nyumbani, piga."

"Na weye ukasema nini?"

Cyprien akalamba midomo.

"Nakuuliza, Cyprien. Ukasema nini?"

"Nikasema ni ya muda tu."

"Na kanisa, mwezi ujao? Nayo ni ya muda?"

"Ilienda mbio, Zaina. Leo sura, kesho chakula kwao, kesho kutwa wazazi wanazungumza. Niliamka nikajikuta ndani." Akanyoosha mkono amshike, Zaina akarudi nyuma hatua moja. "Lakini mikono ni yako! Kila mara inapita ukutani, ni weye naona. Micheline simuoni."

"Yeye anajua?"

"Nilimwambia ni mikono ya yaya yangu, dada yangu mukubwa."

Zaina akacheka, kicheko kidogo kisicho na meno. "Nilikuachia nafasi ya sura ili uijaze siku ya papa. Weye ukaipangisha."

"Na ningefanya nini?" Sauti ya Cyprien ikapanda, kama sauti ya kila mtu anayejua ana makosa. "Kwenu walinikubali? Papa yako hata salamu, hata mbote, hanijibu! Kwenu mimi ni mukafiri, kwao mimi ni bwana wa sinema. Ningengoja mpaka lini?"

"Papa yangu iko barabarani na kanzu ya Idi," Zaina alisema. "Papa yangu alikuya, Cyprien. Weye ndiye hukukuya."

Cyprien akakaa juu ya pipa, akafunika uso, mabega yakatikisika. Na Zaina, Mungu amsamehe, moyo wake ulimhurumia. Kiraka cha shati lile la zamani, kilipofumuka, alikuwa amekishona tena yeye mwenyewe. Mtu hamtoi mtu moyoni kwa siku moja kama anavyotoa mwiba.

"Sema nifanye nini," Cyprien alisema kutoka ndani ya viganja. "Sema sasa hivi. Nitafanya."

Zaina akafunua kikapu. Liboke ile alikuwa ameifunga alfajiri kwa ajili ya mama ya Cyprien, ampe mbele ya watu baada ya jina kuitwa. Akaiweka juu ya pipa lingine, bado ina joto.

"Fungua."

Cyprien alielewa. Macho yake yakang'aa, akasogea, akaanza kupapasa. Zaina aliangalia vidole vyake. Vilikuwa vinakumbuka. Vilizunguka upande wa kushoto, vikashuka, vikapita juu kabisa ya ncha, vikaipita.

"Cyprien!" mtu akaita kutoka mlangoni. "La photo! Mupiga picha anangoja!"

"Nakuya!"

Vidole vikarudi, vikapita tena juu ya ncha. Kidogo tu, Zaina akasema moyoni. Kidogo tu, taratibu, nipo.

"Cyprien! Beau-père, mukwe wako, anakuita!"

Akatazama mlango. Akatazama liboke. Kisha mkono ukaingia mfuko wa shati jipya, ukatoka na kimkasi kidogo, kile anachokatia filamu, na kabla Zaina hajafumba macho kamba ilikuwa imekatika. Majani yakafunguka. Mvuke ukapanda.

"Voilà, imefunguka," alisema mbio mbio. "Ngoja hapa, nakuya sasa hivi, dakika mbili tu..." Kisha akaona kimkasi mkononi mwake, akakifumbata.

Zaina alichukua kikapu kitupu akaondoka. Hakukimbia.

Barabarani papa na Bibi walikuwa wamesimama chini ya ukingo wa paa la duka lililofungwa. Papa alimngoja mpaka afike karibu.

"Mikono ile ni ya nani?"

Angeweza kusema mengi. Kwamba mikono ya wanawake inafanana. Kwamba yule kijana aliiba fundo kwa kuchungulia. Alifikiri Alfani, alifikiri wazee wa Ubundu, alifikiri jina la nyumba yao midomoni mwa watu.

"Ni yangu, papa. Nilifunga mbele yake. Nilifikiri amenioa."

Papa Lukumani alivua kofia, akaifuta vumbi ambalo halikuwapo.

"Nilijua," alisema. "Mutu wa kushona anajua mukono wa mutoto wake kama anajua mushono wake. Nilitaka tu kuona kama na weye utanidanganya, siku moja hii."

Hapo Zaina akalia, katikati ya barabara, kwa sauti, kama mtoto. Papa alimwacha alie. Alisimama tu upande wa jua, kivuli chake kimfunike.

"Papa, usimujibu Alfani sababu ya leo. Nakuomba."

"Simujibu mutu na hasira. Atangoja. Na akichoka kungoja, mbisi za Ubundu hazitakwisha."

Bibi Saluma alikuwa ananusa hewa. "Kikapu hii ni nyepesi," akasema. "Chakula iko wapi?"

"Nimekiacha kule, bibi. Amekikata."

"Amekata kamba. Na mbisi, ilikukosea nini? Mbisi muzima, na mbika ile nilisaga na mikono yangu, uwaachie wale?"

Zaina akamtazama bibi, machozi yamesimama, na kitu kikamtekenya kifuani ambacho hakikuwa kilio. Akageuka, akarudi.

Nyuma ya ukumbi walikuwa wamepanga watu mbele ya ukuta mweupe: Monsieur Édouard, Cyprien, Micheline katika gauni la njano, mpiga picha ameinama chini ya kitambaa chake cheusi. Zaina alipita mbele ya kamera bila kuomba njia. Akafika kwenye pipa, akakunja majani juu ya samaki, akaokota vipande vya kamba.

Micheline aliyaona majani. Akaona yalivyokunjwa. Akainua macho kwenye mikono, akaikazia kwa muda, na rangi ikamtoka usoni.

"Ni weye," alisema polepole. "Aliniambia ni yaya yake."

"Hana yaya," Zaina alijibu.

Angeweza kumtukana. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini alimwona msichana wa umri wake, amevaa nguo ya sherehe, naye anaanza kungoja picha ijirekebishe. Akamwambia kwa sauti ya chini, ya mwanamke kwa mwanamke: "Dada, akipewa kitu iliyofungwa, usimwangalie uso. Mwangalie mikono. Yeye anakata."

"Zaina," Cyprien akaita.

Ndilo jina aliloahidi kuliita mbele ya watu. Zaina hakugeuka.

"Mademoiselle, cheka kidogo!" mpiga picha akapaza sauti chini ya kitambaa. "Kidogo tu! Alors, mademoiselle?"

Micheline hakucheka.

Walikula kwenye ngazi ya chumba cha kushonea, watatu, mlango wazi. Papa alitoa miiba akampa mama yake minofu. Alitafuna, akafikiri, akasema chumvi imepungua. Bibi akamjibu kwamba tangu azaliwe hajawahi kusifu chakula, asianze leo. Samaki akaisha, yakabaki majani na vipande viwili vya kamba ya gome magotini mwa Zaina. Alijaribu kuviunganisha, ncha kwa ncha. Havikufika tena mizunguko mitatu.

"Hii haifungi tena kitu," Bibi alisema.

"Inafaa nini, basi?"

Papa aliinuka. Alikuwa na suruali sita za watu za kunyoosha kabla ya asubuhi. Akashusha pasi yake kutoka kwenye rafu, akafungua kifuniko, akapuliza jivu la jana, akapanga makaa mapya. Kisha akamsogezea binti yake pasi ikiwa wazi, akangoja.

Zaina akaiweka kamba ndani. Papa akawasha kiberiti.